Bibi Aliyeujua Mwamba wa Irente kwa Chini

Wageni wengi wanaofika Irente, karibu na mji wa Lushoto, huenda kutazama bondeni. Bibi yetu aliutazama mwamba huo usichana wake wote kutokea huko huko bondeni, kwani alizaliwa Mazinde, kwenye tambarare iliyo takriban mita 1,000 chini ya ukingo. Hakuwahi kuupanda.

Hata hivyo, tulipopanga matembezi ya familia ya mwezi Julai, jina lake halikuwamo. Tulisema magoti yake hayatastahimili, baridi ya Usambara itamdhuru, tena gari halina nafasi. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Baada ya siku mbili akauliza, kwa upole uliotuaibisha: “Wanangu, mnakwenda kutazama kwetu bila mimi?” Mtoto mmoja akapakatwa, nafasi ikapatikana.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, kona juu ya kona. Mwenye kuchefuka na akae mbele, tena asile sana kabla ya kupanda. Tulipumzika Soni, tukiyatazama malori yakishuka na kabichi na karoti za kupelekwa Dar es Salaam. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai huko si mwezi wa kanzu nyepesi. Wenye miguu hutembea kutoka mjini hadi Irente. Sisi tulikwenda kwa gari, na hatua za mwisho Bibi alizimaliza kwa fimbo na bega la mjukuu.

Tulikuta ukungu. Mbele ya mwamba palikuwa peupe tu, hapaonekani mti wala nyumba. Dereva alitukumbusha zile kona na giza la jioni, na baadhi yetu tulikwisha kugeuka. Bibi akatandika mkeka mbali na ukingo, akaanza kumenya machungwa.

“Ukungu huu naujua,” alisema. “Tulikuwa tukiuona mlima umejifunga kilemba. Jua likikolea huku chini, hukivua.”

Tulingoja saa nzima. Watoto hawakukubali kutulia, nasi hatukuachia mikono yao, kwa kuwa ukingo ule uko wazi na kishindo cha mchezo mmoja kinatosha kuleta msiba. Anayekwenda na familia asitegemee macho peke yake.

Kisha ukungu ukapasuka. Yakaonekana mashamba ya katani yaliyonyooka kama mistari ya daftari, reli, barabara kuu, na mapaa ya mabati yakimetameta. Kuanzia hapo Bibi ndiye aliyekuwa mwenyeji wetu. Alituonyesha upande wa Mazinde, alikokaa Zumbe Semboja katika karne ya 19, akiitawala njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Kwa watoto wetu hilo lilikuwa jina la kitabuni. Bibi alilitaja kama mtu anayetaja jirani.

Halafu akanyoosha fimbo kwenye kichaka cha miti mirefu. “Pale wamelala baba na mama.” Akainua mikono akawaombea, nasi tukaitikia amina. Kwa kitambo hakuna aliyepiga picha.

Mdogo wetu kuliko wote ndiye aliyevunja kimya: “Bibi, ulipokuwa kule, ulikuwa unawaona watu wa hapa juu?”

“Nilikuwa naona jiwe tu, mjukuu wangu.”

Tuliteremka jua likielekea kuzama. Tulipofika Mombo, Bibi aliomba twende kwanza Mazinde kabla ya kushika njia ya Korogwe. Si mbali, alisema. Dereva akatazama saa yake, akatutazama sisi, kisha akakunja kuelekea Mazinde.