Utulivu Chini ya Miti

Katika nchi za kaskazini, theluji inapofunika ardhi, watu wengi huvaa viatu vipana vya kukanyagia theluji wakaingia msituni kutembea polepole. Hawatafuti kuni wala mawindo. Wanatafuta utulivu wa moyo. Mkoani Mara theluji haianguki, lakini haja ya utulivu ni ile ile, na miti ipo. Je, faida ya matembezi hayo ni dhana tu, au ina msingi wa kisayansi?

Mwili wa binadamu una mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila kuamriwa, nayo imegawanyika sehemu mbili. Ya kwanza huuandaa mwili kukabili hatari: moyo hupiga haraka, pumzi hufupika, na tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni katika damu. Ya pili hurudisha shwari, chakula kikasagwa na usingizi ukaja. Mtu aliyeelemewa na deni au msiba huishi kana kwamba simba yuko mlangoni kila siku. Sehemu ya kwanza haipumziki, na mwili huchakaa.

Utafiti umeonyesha kwamba miti husaidia kurejesha mizani hiyo. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa penye dirisha lililoelekea miti walitoka mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko walioelekea ukuta wa matofali. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliona kwamba matembezi ya dakika 90 penye miti na majani yalipunguza mazoea ya kurudiarudia mawazo ya huzuni. Waliotembea kando ya barabara yenye magari mengi hawakupata nafuu hiyo.

Mkazi wa Musoma aweza kutembea alfajiri penye vivuli vya ufukwe wa Ziwa Victoria. Wa Bunda, wilaya inayopakana na Serengeti, achague njia za karibu na makazi, mbali na mapito ya tembo na nyati. Huko Butiama, karibu na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wameuheshimu tangu zamani kuwa makao ya mzimu. Heshima hiyo imefanya kazi ya bwana misitu: imezuia shoka. Mgeni hana budi kuomba ruhusa ya wenyeji kabla ya kuingia.

Matembezi hayahitaji gharama. Nusu saa yatosha kuanzia, bila haraka, masikio yakiwa kwa ndege na macho kwa majani. Hata hivyo, hayawi badala ya tiba. Mwenye huzuni isiyokoma na apelekwe kwa mganga hospitalini.

Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa, hesabu ya hasara huishia kwenye mvua na udongo. Sayansi yatuongezea fungu jingine katika hesabu hiyo: afya ya akili. Kijiji kinachohifadhi msitu wake, hata mdogo, kinahifadhi pia zahanati isiyo na mlango.