Siku za Vita na Cheti cha Afisa wa Meli

Cheti cha umahiri, yaani hati ya serikali inayomruhusu mtu kushika zamu au kuongoza meli ya biashara, hutolewa kwa mwombaji aliyefaulu mitihani na kuthibitisha kwamba amefanya kazi baharini kwa muda uliowekwa. Sharti hili la pili ndilo linaloguswa na vita, kwa kuwa vita huwapeleka vijana wengi baharini kwa miaka mingi, lakini huwapeleka katika manowari, ambazo shughuli zake hazilingani na za meli ya mizigo, na wanaporudi uraiani wana haki ya kuuliza miaka hiyo itahesabiwa vipi.

Mkataba wa kimataifa unaosimamia vyeti hivi, ujulikanao kwa kifupi kama STCW, ulipitishwa mwaka 1978 na kuanza kutumika mwaka 1984. Unamtaka afisa wa zamu ya sitaha katika meli yenye ukubwa wa tani 500 au zaidi awe ametimiza umri wa miaka 18, na awe amefanya kazi baharini kwa miezi 12 ndani ya mpango wa mafunzo ulioidhinishwa, au kwa miezi 36 ikiwa hakupitia mpango huo. Na miezi 6 kati ya hiyo iwe ya zamu darajani, yaani pale ambapo meli huongozwa, chini ya usimamizi. Manowari zenyewe ziko nje ya mkataba, kwa hiyo ni mamlaka ya kila nchi, iwe Kenya, Tanzania au Marekani, inayopima utumishi wa mwanamaji na kuamua ni sehemu gani inafikia viwango hivyo.

Marekani imeiandika hesabu hiyo waziwazi. Walinzi wa Pwani, ambao ndio watoaji wa vyeti nchini humo, kwa kawaida hukubali asilimia 60 ya muda ambao mwanajeshi alipangiwa manowari kuwa ni muda wa safari, kwa sababu manowari hukaa sana bandarini, na rekodi za jeshi huonyesha siku mtu alipopangiwa chombo na siku alipoondolewa bila kuonyesha kila mara nanga ilipong'olewa. Mwanamaji aliyedumu melini miaka 5, ambayo ni miezi 60, huhesabiwa miezi 36, kipimo kilekile cha mkataba kwa asiyepitia mafunzo maalumu. Meli ambazo kazi yake kubwa ni kutia nanga mahali pamoja na kuhudumia nyingine hupata asilimia 25 tu, na aliyetumika katika nyambizi akitaka cheti cha sitaha hutakiwa angalau robo ya utumishi wake iwe katika meli za juu ya maji. Aina ya kazi nayo hupimwa, maana karani wa manowari, hata akiwa na nishani ya ushujaa, hajapata uzoefu wa kuikwepa meli nyingine usiku katika mlango wa bahari uliosongamana. Ukali huu unaumiza, lakini ni wa haki, kwani watakaolala vyumbani wakati afisa huyo yuko zamu wanategemea uzoefu wake, si sifa zake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili hali ilikuwa tofauti, kwa sababu meli za biashara zenyewe ndizo zilizowindwa. Marekani ilijenga zaidi ya meli 2,700 za mizigo za aina ya Liberty, na kila moja ilihitaji nahodha, maafisa wa sitaha na wahandisi wenye vyeti. Chuo cha maafisa wa meli za biashara cha Kings Point, kilichozinduliwa rasmi tarehe 30 Septemba 1943, kiliendesha kozi iliyofupishwa, lakini muda wa baharini haukufutwa. Wanafunzi waliutimiza katika misafara iliyovuka maji yenye nyambizi za Ujerumani, na 142 kati yao walikufa. Edwin O'Hara, mwanafunzi wa uhandisi, alikuwa katika meli Stephen Hopkins iliposhambuliwa na meli ya Kijerumani Stier tarehe 27 Septemba 1942. Wapigaji mzinga walipokwisha kuanguka, yeye alifyatua makombora 5 yaliyosalia, kisha akauawa. Meli zote mbili zilizama. Siku hizo zilikuwa sehemu ya masomo yake.

Vita pia viliwafungulia njia waliokuwa na vyeti tayari. Hugh Mulzac, mzaliwa wa visiwa vya Saint Vincent, alikuwa na cheti cha unahodha kwa miaka mingi, lakini kwa kuwa alikuwa Mweusi hakuna aliyemkabidhi meli, naye akabaki kufanya kazi za jikoni. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 56, alikabidhiwa meli Booker T. Washington, akashikilia kwamba mabaharia wake wawe wa rangi zote. Uhaba wa maafisa ulifanya kile ambacho cheti chake peke yake kilishindwa kufanya, na hilo ni aibu ya miaka ya amani iliyotangulia.

Hesabu ya upande wa pili, ya kuzitambua siku za baharia wa biashara kuwa utumishi wa vita, ilichelewa mno. Sheria ya Marekani ya mwaka 1944 iliyowapa wanajeshi waliorejea fedha za masomo haikuwahusisha mabaharia hao, ingawa walipoteza watu wengi kwa uwiano kuliko vikosi vingine. Ni mwaka 1988, baada ya kesi mahakamani, ndipo waliotumika katika safari za baharini kati ya tarehe 7 Desemba 1941 na 15 Agosti 1945 walipokubaliwa kuwa wapiganaji wastaafu, wakati ambapo muda wa kudai fedha za masomo za sheria hiyo ulikuwa umepita zamani.