Deni Lililoandikwa na Haki ya Mkopaji

Majani ya chai yachumwayo Kebirigo na Nyansiongo, katika milima ya Nyamira, huja kunadiwa hapa kwetu Mombasa. Mkulima wake hupata malipo ya kwanza kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka. Baina ya malipo hayo kuna karo, mbolea na maradhi. Ndipo wengi hukimbilia mkopo wa simu, mlango uliofunguka kwa M-Shwari mwaka 2012.

Hukumu ya riba katika mikopo hiyo tumekwisha kuieleza mara nyingi. Leo twataka kulizungumzia daftari ambamo jina la mkopaji huandikwa.

Benki Kuu ya Kenya imeyapa leseni mashirika matatu ya kutunza kumbukumbu za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Watu huyaita kwa jumla CRB. Hayakopeshi wala hayadai. Hupokea kutoka kwa benki na wakopeshaji wengine habari za aliyelipa na za asiyelipa, kisha humpa mkopeshaji anayeuliza. Kwa hiyo kuwamo daftarini si aibu. Hata mlipaji mwema yumo.

Ila athari yake ni nzito. Mchongaji mawe wa Tabaka, kule Kisii, aliyesahau deni la shilingi 2,000, aweza kunyimwa mtaji. Kijana aombaye kazi ya serikali naye huenda akatakiwa hati ya CRB.

Kanuni za mwaka 2020 zimempa mkopaji kinga. Deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi daftarini. Mkopeshaji hana budi kumwarifu mdaiwa siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka, na kupinga lililoandikwa kimakosa. Lakini ajue kwamba habari ya deni lililochelewa hubaki miaka 5 hata baada ya kulipwa. Ndiyo maana kuwahi kulipa ni bora.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, yaagiza deni liandikwe, tena kwa uadilifu. Basi mwenye deni naye asome alivyoandikiwa. Mkulima wa Nyamira husimama kando ya mizani hadi kilo zake zisomwe. Na aliangalie daftari la mikopo kwa makini yayo hayo.