Sura ya 6: Gari Lisilochanganya

Ukikanyaga mafuta na gari lisichanganye, usianze kwa kununua plagi. Tazama kwanza mshale wa mizunguko ya injini. Ukipanda haraka huku gari likijikokota, injini ina nguvu lakini nguvu hiyo haifiki kwenye magurudumu: klachi inateleza, au gia boksi ya otomatiki imepungukiwa na oili. Breki iliyoshika nayo hulifanya gari liwe zito.

Mshale wenyewe ukipanda kwa shida na breki haijashika, kasoro iko kwenye injini. Angalia filta ya hewa. Ni kazi ya dakika chache. Ila dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa ajue kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 anazopanda, maana hewa ya juu ni nyepesi. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Gari kulegea kidogo huko si ugonjwa.

Mafuta ndiyo yanayowapotosha wengi. Pampu iliyochoka au filta iliyoziba bado hupitisha petroli ya kutosha kwa mwendo wa mjini. Gari hutulia siku zote, kisha likifika mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa, linakata pumzi, kwa sababu hapo ndipo injini inapodai mafuta mengi. Fundi afunge geji ya presha na kuisoma injini ikiwa inafanya kazi nzito. Presha ikiporomoka unapokanyaga, anza na filta na pampu.

Gari likitetemeka, shuku misi, yaani silinda isiyowaka sawasawa. Mashine ya kupimia ikionyesha kodi ya hitilafu P0302, maana yake silinda ya pili haiwaki sawasawa. Haijasema koili imekufa. Hamishia koili hiyo kwenye silinda ya tatu, na ya tatu uilete kwenye ya pili, futa kodi, kisha endesha. Ikija P0303, koili ni mbovu. Ikirudi P0302, iache koili, kagua plagi, nozeli na kompresheni. Jaribio hili halina gharama, na linasikitisha jinsi linavyorukwa huku wenye magari wakinunulishwa koili zote nne.

Mwisho ni masega ya ekzosti, yanayosafisha moshi. Yakiziba, moshi haupati njia ya kutoka, na hewa mpya haipati nafasi ya kuingia. Mafundi wengi huyang'oa na gari likachangamka siku hiyohiyo. Mimi napinga kabisa. Mara nyingi masega huyeyuka kwa sababu petroli ambayo haikuungua kwenye silinda yenye misi huja kuwakia humo. Ukiyang'oa, misi inabaki palepale na moshi wenye sumu unaingia mitaani kwetu. Kwa hiyo ukiambiwa masega yamekufa, muulize fundi kwanza: ni silinda ipi iliyokuwa na misi?