"Mama, Tumbo Linaniuma"

Kunapambazuka Mlali, chini ya milima ya Uluguru. Mama amekwisha mfunga kichanga mgongoni, na ndoo ya nyanya iko tayari kwenda gulioni. Mtoto wake wa miaka minne, atakayebaki na bibi, amekaa kizingitini. "Mama, tumbo linaniuma." Mama anamgusa paji la uso, halina joto. Anamminya tumbo, ni laini. "Acha kudeka," anasema, na kujitwika ndoo.

Akina mama wenzetu, nani kati yetu hajayasema maneno hayo? Sisi tumeyasema, tena mara nyingi. Lakini mtoto yule hakusema uongo. Mtu akiogopa au akihuzunika, moyo hupiga mbio na tumbo hukaza kweli. Mtoto wa umri huo analijua jina la tumbo. Jina la wivu halijui bado. Hutaja kile anachokijua.

(Akiwa na homa, akitapika au akiharisha, mpelekeni zahanati kwanza. Maneno baadaye.)

Mama yule aliyafikiri hayo njiani. Jioni, wakichambua maharage, alimwambia mwanawe taratibu: "Asubuhi tumbo lilikuuma nilipoondoka na mdogo wako. Uliogopa, au uliona wivu?" Mtoto akanyamaza kitambo, akauliza wivu ni nini. "Ni pale unapotamani mgongo wa mama uwe wako peke yako. Hata mimi ulinipata alipozaliwa mjomba wako." Mtoto alicheka sana kusikia kwamba mjomba, mtu mzima mwenye ndevu, aliwahi kuonewa wivu!

Tazameni alivyouliza. Ukimwambia mtoto mdogo "Una nini?" atakujibu "Sina kitu," kwa maana swali ni pana mno. Mpe maneno mawili achague. Usimuulize mbele ya wageni, wala akiwa katikati ya kilio. Ngoja atulie, mikono yenu ikiwa na kazi. Na kama bibi yake humbembeleza kwa Kiluguru, tumieni Kiluguru. Lugha anayolilia ndiyo lugha ya kuanzia.

Wengine wataona huku ni kumwendekeza. Sivyo. "Una hasira, naiona. Kumpiga mdogo wako, hapana." Hasira imepewa jina, na kofi limekatazwa. Kwa wavulana nasi tuache ule msemo kwamba mwanamume halii. Yesu alimlilia Lazaro, watu wakimtazama.

Mwezi Desemba 2021 serikali yetu ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya watoto wa hadi miaka 8. Ndani yake malezi yenye mwitikio, yaani kuitikia kile mtoto anachoonyesha, yaliwekwa safu moja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Hilo la ulinzi ndilo linalotukosesha usingizi. Mtoto aliyezoea kuambiwa "nyamaza" atamwambia nani siku mtu mzima atakapomshika vibaya? Huenda atasema tu kwamba tumbo linamuuma. Kwa hiyo tumbo likiuma kila anapotumwa nyumba fulani, au kila anapoachwa na mtu fulani, msimlazimishe kwenda. Kaeni naye, mwulizeni anaogopa nini, na lolote atakalolisema msimkemee wala msimcheke, hata kama anayemtaja ni ndugu wa karibu.

Gulio lililofuata, mtoto yule alikaa tena kizingitini. "Mama, nina wivu." Mama alikwenda vilevile, maana nyanya hazingoji. Lakini kwanza alitua ndoo, akamkumbatia, akamwachia khanga yake. Mtoto alilia kidogo, akajifunika ile khanga, akamfuata bibi jikoni.