Wepesi wa Miguu Huanzia Katika Kutua

Bila shaka umepata kuwatazama mabinti wa mtaani kwako wakicheza rede. Yule aliye katikati haokolewi na mbio. Huokolewa na wepesi wa kugusa ardhi, kugeuka na kuruka tena kabla mpira haujamfikia. Wepesi huo ndio autafutao mchezaji wa netiboli, mlinda mlango na bondia, nao hufundishika.

Mazoezi yake huitwa plaiometriki. Katika miaka ya 1960 Yuri Verkhoshansky, mwalimu wa riadha wa Urusi ya Kisovieti, aliwazoesha wanariadha wake kushuka kutoka juu ya kitu na papo hapo kuruka juu. Jina lenyewe lilienezwa na Mmarekani Fred Wilt mwaka 1975. Msuli unaovutwa ghafla wakati wa kutua, mfano wa mpira wa manati, huweka nguvu na kuirudisha, mradi mguu usikawie chini. Ukikawia, nguvu hiyo hupotea bure. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walieleza kwamba watu waliofanya mazoezi hayo kwa wiki 6 waliweza kukimbia njia yenye kona nyingi kwa muda mfupi zaidi kuliko awali.

Hapa ndipo vijana wetu wanapopotoka. Wakisikia kuruka, hutafuta ukuta mrefu na sakafu ya saruji, kana kwamba kimo ndicho kinachofundisha! Wanaoumia ni magoti. Kano ya goti ikichanika humkalisha mchezaji nje ya uwanja kwa miezi mingi, na kwa familia ya mfanyakazi matibabu yake si mzigo mdogo. Wasichana hawana budi kuangaliwa zaidi, maana katika michezo ya kuruka na kugeuka huumia kano hizo mara nyingi kuliko wavulana.

Kwa hiyo wewe mzazi, au wewe unayefundisha timu ya kiwandani, anza na kutua. Chagua uwanja wa nyasi. Kijana aruke kidogo tu, atue kwa miguu miwili, magoti yakunjwe na kuelekea viliko vidole vya miguu, yasigongane. Sikio ni mwalimu mzuri hapa: kishindo kikubwa ni dalili ya kutua vibaya. Akiyaweza hayo ndipo aruke kamba, aruke mstari kando kwa kando, na baadaye kisanduku cha sentimeta 20 au 30. Siku 2 kwa wiki zinatosha, zisifuatane, na anayeanza asizidishe miruko 80 kwa siku. Miguu ikiwa mizito aache, hata kama wenzake wangali wanaruka.