Bastola kiunoni, goli dakika ya 90

SIKU ya dabi ya Simba na Yanga, vibanda umiza vya Nyamongo havina nafasi. Watu wanakaa bega kwa bega, na goli likiingia kila mtu anaruka, anamkumbatia hata asiyemjua. Huu ni mji wa dhahabu, pesa taslimu inatembea, kwa hiyo usishangae jirani yako kwenye benchi akiwa na bastola yenye leseni chini ya shati. Leo tuache leseni. Tuulize hiyo bastola imekaaje kiunoni.

Mtu anayebana bajeti hununua bastola ya bei nafuu, halafu mkoba anachukua wowote. Hapo ndipo mechi inapoharibika. Chukua Taurus G2C ya Brazil. Mkoba wa PT111 G2 unaifaa, maana ni bastola ileile iliyopewa jina jipya. Lakini ukiitia kwenye mkoba wa Glock 19, hata kama kwa macho unaona saizi zinakaribiana, pete inayolinda triga ina umbo jingine, na mkoba mgumu hushikia hapohapo. Itabana au itacheza. Ukifunga tochi chini ya mtutu, ule mkoba wa zamani basi tena. Magazini nayo ni hivyohivyo: ya kampuni nyingine inaweza kuingia na bado ikakwamisha risasi.

Kipimo ni rahisi. Hakikisha bastola ni tupu, kagua tena, itie mkobani, geuza juu chini, tikisa. Ikidondoka, huo si mkoba. Kidole kikifika kwenye triga, huo pia si mkoba.

Muulizeni Plaxico Burress. Februari 2008 alifunga touchdown iliyoipa New York Giants ubingwa wa Super Bowl, kule kwenye mpira wao wa Marekani. Novemba mwaka huohuo aliingia klabu ya usiku Manhattan na Glock aliyoichomeka kiunoni, bila mkoba. Ikateleza, akaidaka, ikafyatuka, risasi ikampata pajani. Akahukumiwa miaka miwili jela. Kwa hiyo ikidondoka, jamani, usiidake. Na siku ya dabi, mimi ningeiacha kwenye kasiki nyumbani.

Maana hata mkoba ukishika vizuri, uwanjani bado ni balaa. Machi 11, 2018, PAOK na AEK zilikuwa 0-0 kule Thessaloniki, Ugiriki. Dakika ya 90 Fernando Varela akafunga, goli likakataliwa kwa kuotea. Bosi wa PAOK, Ivan Savvidis, akaingia uwanjani na walinzi wake, bastola ikionekana kiunoni ndani ya mkoba. Hakuichomoa. Serikali ikasimamisha ligi. AEK ikapewa ushindi wa 3-0, PAOK ikakatwa pointi 3, bosi akafungiwa miaka mitatu kukanyaga uwanjani.

Bingwa wa msimu ule? AEK.